Juu Mno kwa Bibi, Chini Mno kwa Fundi

Jiko limenikatalia pilau mbele ya mawifi zangu. Benki ikikunyima mkopo unarudi nyumbani, unafunga mlango, unalia kwa nafasi. Mimi nilikuwa nyumbani tayari, na mlango walikuwa wameuziba wao.

Kila kitu kilikuwa kimekamilika. Vitunguu nimevikata vyembamba, kitunguu saumu na tangawizi vimetwangwa, bizari nzima imechambuliwa, nyama imeshachemka na supu yake iko pembeni, mchele umeoshwa unachuja maji. Mbele yangu meza mpya, juu ya meza jiko jipya, jeusi, linang'aa, mume wangu kaliteremsha kwenye bajaji asubuhi ile ile. Nikaweka sufuria, nikamimina mafuta, nikagusa alama ya kuwashia kwa kidole kimoja, taratibu, kwa madaha, maana nilijua natazamwa. Jiko likalia: pii. Nikangoja mafuta yapate moto. Pii. Kwenye kioo ikatokea herufi E na sifuri pembeni yake. Pii. Halafu likajizima lenyewe.

Nikarudia. Wifi mkubwa akasema labda halijanizoea. Wa kati akasema majiko ya siku hizi yanataka nenosiri. Mdogo akainyanyua sufuria, akairudisha, kisha akalipiga jiko kofi la ubavuni, ile tiba ya redio na televisheni zote za utotoni mwetu. Jiko likamjibu pii. Nilikuwa bado natafuta la kusema nilipohisi kiti kinarudi nyuma. Wifi mkubwa alikuwa ameshika vishikio vya mgongoni, na mimi mwiko ningali nao mkononi nikavushwa kizingiti, nikapitishwa koridoni, nikaegeshwa sebuleni mbele ya televisheni.

"Wewe kaa tu, wifi. Pumzika. Sisi tutamalizia."

Kaa tu! Mimi ambaye tangu niamke sijafanya kingine.

Nikasikia mtungi wa gesi unafunguliwa, kiberiti kinawashwa, vitunguu vinachachatika, watu wanacheka. Pilau ikaja sebuleni saa nane, na ilikuwa nzuri. Hapo ndipo paliponiuma hasa.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie gesi hiyo hiyo kama majirani wote. Avute kiti, nimweleze. Jiko letu la gesi la plate mbili limekaa juu ya meza ya zege iliyopigwa vigae, ile ambayo fundi yeyote wa Dar es Salaam anaweza kuijenga akiwa amefumba macho: kimo chake kama sentimita 90, na chini imezibwa kwa milango ya kabati. Weka jiko juu ya meza, weka sufuria juu ya jiko, ukingo wa sufuria unanifika puani. Moto wenyewe uko usawa wa mabega. Ili nikoroge mchuzi lazima niupitishe mkono juu ya moto, na mkono wa dera hauchagui pa kuning'inia. Ndani ya sufuria sioni. Wali wa nyumba hii sijawahi kuuona ukikauka, nausikia tu. Na kwa kuwa miguu haina pa kuingia, magoti yanagonga kabati nikiwa bado mbali, basi nilikuwa naegesha kiti kwa ubavu na kupika nimepinda kiuno, huku uso umeelekea mlangoni, mtu akiingia anadhani nilikuwa namngojea.

Dawa yake inajulikana. Inatakiwa meza ya chini, iliyo wazi kwa chini, ili kiti mwendo kiingie pamoja na magoti yangu, nami nikiwa juu yake. Wamarekani wameshaiandika kwenye viwango vyao vya mwaka 2010: uwazi wa magoti usipungue inchi 27, yaani takribani sentimita 69, na uso wa meza ya kupikia usizidi inchi 34, takribani sentimita 86. Ukizitazama namba hizo unaona balaa lilipo. Kutoka magotini hadi usoni mwa meza umebakiwa na nafasi finyu, kwa hiyo ubao uwe mwembamba, na jiko nalo liwe jembamba, la sivyo sufuria itapanda tena hadi puani. Jiko la umeme la indaksheni, kama lile jeusi la mume wangu, lina unene wa sentimita sita hivi. Halina mwali wa kudaka dera. Sufuria huisukumi juu, unaitelezesha tu kwenye kioo. Nilipolisoma hilo nilihisi kuna mtu mahali fulani amewahi kunifikiria.

Kuvunja meza ya zege hatukuruhusiwa. Mwenye nyumba alisema, kwa upole kabisa, "Mkihama, nani atapangisha jiko la watoto?" Basi tukamwita fundi seremala.

Fundi wangu ni mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alinipima kwa futi yake nikiwa nimekaa: sakafu hadi goti, goti hadi mkono wa kiti, upana wa magurudumu. Akaandika namba kwenye kipande cha ubao kwa penseli ya sikioni. Nikamwambia, "Fundi, chini pawe wazi sentimita 70." Akasema, "Nimekuelewa, mama." Nikamwambia tena. Akasema tena. Meza ikaja. Mninga, imepigwa vanishi, kona zimekatwa mviringo ili nisijigonge, kimo chake ni kile kile nilichomtajia. Na katikati, chini ya ubao, palepale magoti yanapopita, ilikuwepo droo.

"Hiyo nimekuongezea bure, mama. Ya vijiko."

Kina cha droo ile kilikuwa sentimita 12. Fundi alinipa 70, kisha akazichukua 12 kwa upendo. Nikajaribu kuingia. Magoti yakagonga, meza nzima ikatikisika, droo ikachomoka na kuja hadi tumboni. Fundi akafurahi. "Unaona? Inafunguka hata bila mkono!"

Ilibidi mume wangu amwite pembeni. Droo ikatolewa, fundi akaondoka kwa huzuni, na ninaamini hadi leo anawasimulia wenzake kuhusu mama mmoja aliyekataa droo ya mninga. Hata hivyo droo yenyewe haikutupwa, nitaifikia.

Basi meza ilikuwepo, jiko likawepo, mawifi wakawepo, mengine mnayajua. Usiku wa pilau ile sikulala hadi nilipolielewa lile jiko. Nimelielewa, na sasa silichukii tena. Nalistaajabia, ambalo ni jambo baya zaidi, kwa sababu namsimulia kila anayekuja kunisalimu.

Chini ya kile kioo hakuna moto, wala waya unaokuwa mwekundu. Kuna waya wa shaba uliozungushwa bapa, duara ndani ya duara, kama kawa la kufunikia chakula. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Jiko huupokea, huunyoosha, kisha huukatakata upya hadi uwe unakwenda na kurudi zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, kasi ambayo sikio la binadamu haliisikii. Unaloweza kusikia zaidi ni feni yake. Shaba ikipitishiwa umeme wa namna hiyo huzaa nguvu ya sumaku inayopanda juu na kukipenya kioo bila hodi. Na mwaka 1831 Michael Faraday, kule Uingereza, alishaonyesha kwamba sumaku inayobadilikabadilika huzaa umeme katika metali iliyo jirani nayo. Basi kitako cha sufuria kikiingia katika njia ya sumaku hiyo, umeme huanza kuzunguka ndani ya kitako chenyewe, visulisuli visivyo na pa kutokea. Chuma kinaupinga. Katika kupingana huko ndimo joto linamozaliwa. Sufuria ndiyo inayowaka. Jiko halina moto wowote, ni mchonganishi tu.

Kwa nini basi lilikataa sufuria yangu? Kwa sababu ilikuwa ya alumini, na alumini hupitisha umeme vizuri mno. Ndani ya chuma, kwa kasi ile, umeme hubanwa kwenye utando mwembamba usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita. Unasongamana, unagombana, unatoa joto. Ndani ya alumini una nafasi ya kutosha, unateleza, hakuna ugomvi, hakuna pilau. Jiko linapima, linaona halipati upinzani wowote, linaamua kwamba juu yake hapajawekwa kitu. Ile E na sifuri maana yake ndiyo hiyo: weka sufuria. Mafuta yamejaa, mawifi wamesimama, na jiko linaniomba sufuria.

Na nyumba hii ni nyumba ya alumini, kuanzia ile seti ya sufuria za harusi zinazoingiana kutoka kubwa hadi ndogo, hadi birika, hadi sufuria nzito za kusubiwa mtaani kwa alumini chakavu iliyoyeyushwa. Hakuna hata moja inayojulikana kwa jiko lile. Najua kuna jiko ndugu yake, la infraredi, ambalo hupokea sufuria yoyote utakayolipa. Lakini kioo chake huwa chekundu na hubaki cha moto muda mrefu baada ya kulizima, na mimi kifua na mikono yangu viko usawa wa kioo hicho. Nikaamua jiko libaki, sufuria ndizo ziondoke.

Kipimo cha sufuria ni sumaku. Ikishika kitakoni, jiko litaikubali, ikianguka, rudisha. Fundi redio wa mtaani alinipa sumaku ya spika iliyoungua, nene, nzito, nikaifunga kwenye khanga, tukashuka Kariakoo.

Wasukuma mikokoteni walinipisha bila matusi, maana tunaheshimiana, sote tuko kwenye magurudumu. Shida ilianzia dukani. Muuzaji wa kwanza alinipokea vizuri: "Karibu mama, sufuria orijino hizi." Nikatoa sumaku kwenye khanga, nikaigusisha kitakoni. Ikaanguka. Nyingine, ikaanguka. Akanitazama. "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta sufuria inayoshika sumaku. Pakawa kimya. Duka la pili walikuwa wameshapata habari. La tatu nilikuwa na msafara. Nyuma yangu mtu akasema huyu ni wa kusaka rupia za Mjerumani, mwenzake akasema hapana, hao huja usiku. Kijana mmoja mtanashati akainama hadi sikioni mwangu akaninong'oneza kwamba marehemu babu yake ameacha hela ya zamani yenye picha ya tembo, iko kijijini, kama nina mteja tuzungumze.

Stenlesi ndiyo iliyonivunja moyo. "Hii haishiki kutu maisha yako yote, mama." Haikushika kutu, haikushika na sumaku. Ile stenlesi nzuri huwa na kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hadi 10, na nikeli hiyo ndiyo hukiondolea chuma hamu ya sumaku. Kwa hiyo kadiri sufuria ilivyokuwa ya kifahari ndivyo ilivyonikataa. Zipo zilizobandikwa kitako maalumu cha chuma kwa ajili ya majiko haya, nazo zilishika barabara, ila kwa bei ya seti moja ningenunua mbuzi. Mbuzi wa supu, si mbuzi ya nazi. Kilichoshika kwa hiari ni chuma cha chapati. Kilishika kiasi kwamba ilibidi muuzaji avute huku na mimi nivute kule. Nikarudi nyumbani na jiko la kisasa linalokubali chapati peke yake.

Suluhisho lilikuwa chini ya kitanda. Bibi yangu aliniachia sufuria ya enameli, nyeupe, ukingo wa bluu, ua jekundu ubavuni, imebanduka sehemu moja kwenye sikio. Humo tulikuwa tunaweka vitunguu. Nilipoiweka sumaku mezani karibu yake, iliruka yenyewe ikambusu bibi kitakoni. Enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma. Chombo kilichotoka dukani kwa ajili ya mafiga na masizi, jiko la kidijiti likakipokea bila pii hata moja. Maji yalichemka kabla sijamaliza kumuita mume wangu aje aone.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe kulikuwa na ugali.

Mpishi aliyesimama akisonga ugali hutumia uzito wake: bega linashuka, mgongo unafuata, mwiko unabeba mwili. Mimi ninayo mikono tu, na chini yangu magurudumu. Isaac Newton alishasema kwamba kila ukisukuma nawe unasukumwa kwa nguvu ile ile, na ninamthibitishia kwamba ni kweli, kwani kila ninaposonga ugali, ugali nao unanisonga. Niliuanza nikiwa mezani, unga ulipoanza kushikana nikawa nimefika kwenye friji. Nikafunga breki. Kiti kikatulia, sufuria ikaanza kuteleza kwenye kioo kwenda ukutani, kwa sababu ule utelezi niliousifu hauchagui siku. Mwishowe fundi yule yule alirudi akapigilia kipande cha ubao nyuma ya jiko, sufuria ikapata pa kuegemea. Aliuliza kama anaweza kukiwekea kipande hicho vijindoano vya vikombe. Nikamkubalia, maana nilikuwa namwonea huruma tangu droo.

Na si ugali tu. Maikroweve iko juu ya friji, kama zilivyo maikroweve zote za ukoo wetu. Mimi naitumia kama saa ya ukutani.

Friza iko juu, hivyo barafu ni mali ya warefu.

Mlango wa oveni hufunguka kwa kulala mbele, palepale ninapotakiwa kukaa.

Niliwekewa kioo cha mwinamo ukutani juu ya jiko ili nione ndani ya sufuria. Mvuke ukakifunika, na siku kilipokuwa safi nilichoona vizuri ni wifi anaonja mchuzi wangu nyuma ya mgongo wangu.

Mita ya umeme iko juu ya kizingiti, kila nikinunua umeme tarakimu 20 namsomea mtoto wa jirani azibonyeze, naye hupenda sana kuanza na zile za mwisho.

Lakini kinachonishangaza kuliko vyote ni hiki: nani aliamuru mpishi asimame? Bibi mwenye sufuria ile alipika maisha yake yote akiwa amekaa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mafiga matatu, alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, alikaa kwenye mkeka akachambua mchele na kuchagua mboga. Kila chombo chake kilijua kwamba mpishi ni mtu aliyekaa. Hata huko Ulaya, jiko la kabati za kupangana lililozaa haya ya kwetu lilichorwa mwaka 1926 mjini Frankfurt na msanifu wa kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyehesabu hatua za mpishi ili kumpunguzia kazi. Na ndani ya jiko hilo dogo aliweka kiti cha kuzunguka, mama akate na aoshe akiwa amekaa. Safari ya kutoka Frankfurt hadi kwetu imeleta kabati, imeleta vigae, kiti kimeshukia njiani. Nami nimebaki katikati. Kiti changu kiko sentimita 50 kutoka sakafuni: juu mno kwa mbuzi ya bibi, chini mno kwa meza ya fundi.

Sasa naifikia ile droo. Mtu anayetembea kwa magurudumu ana mikono miwili, na yote miwili iko kwenye magurudumu. Sufuria ya moto ikitoka jikoni kwenda sebuleni inapanda mapajani, hakuna njia nyingine. Mapaja yangu hayana habari na moto. Uti wa mgongo ukikatika mawasiliano, ngozi inaungua bila kumwambia mwenyewe. Zamani nilikuwa nakunja khanga, naweka sufuria juu yake, naondoka nikiwa naimba. Jioni moja wakati wa kuoga nikaona lengelenge upana wa kiganja, limeshapasuka. Sikuwa nimehisi chochote. Kidonda kile kilichukua muda mrefu kupona. Na muuguzi aliyekisafisha siku ya kwanza alikuwa na swali moja tu: "Kwani nani alikuruhusu kupika?"

Hakuuliza meza ina kimo gani. Hakuna anayeuliza. Watu wote wako tayari kunipikia, wifi, jirani, mama mkwe, hata yule mtoto wa tarakimu. Wanafanya kwa mapenzi na Mungu awalipe. Ila hakuna aliye tayari kukata miguu ya meza. Kumtoa mtu jikoni ni dakika moja, unashika vishikio tu. Mimi sisukumi watu wasimamao. Sijawahi kumshika mtu mabega kwa nyuma, nikamgeuza, nikamwegesha mbele ya taarifa ya habari. Ile siku ya pilau, jiko lilikataa sufuria. Mawifi zangu waliona limenikataa mimi.

Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nayo imezungumzia majengo yanayotumiwa na umma kufikika. Jikoni kwangu si mahali pa umma, ingawa siku ya mawifi ungedhani ni stendi. Tunao pia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ulioanza mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono. Mtungi nimenunua, jiko la umeme ninalo, moshi sitaki. Ila anayegawa majiko na anayechora nyumba za kuyawekea wangekaa siku moja, nasema wakae, kwenye kiti cha sentimita 50, wasonge ugali wa watu sita. Hawatahitaji semina.

Droo ile ya mninga ndiyo ninayobebea sufuria sasa. Ina kingo pande zote, sufuria haianguki. Ndani nimetandika kitambaa kinene chenye unyevu kidogo isiteleze, na chini yake ubao, hivyo joto halifiki mapajani. Fundi alipoiona imekaa magotini mwangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema alijua tu itafaa.

Wewe unayejenga mwaka huu, zege la jikoni likiwa halijamwagwa, nakuomba kipande kimoja tu. Mita moja. Chini pasiwe na kabati, uwazi wa magoti sentimita 70 kwenda juu na 80 kwa upana, uso wa meza sentimita 75 hadi 80, swichi mbele au ubavuni na si nyuma ya moto. Zege lisilomwagwa halina gharama. Kuvunja lililokauka kuna gharama, na kuna mwenye nyumba. Usipopatumia wewe, mwanao atafanyia hapo kazi za shule, mama yako mwenye magoti mabovu atachambulia hapo mchele, na siku nikija kukutembelea nitakupikia. Sufuria nitakuja nayo. Na fundi akikuuliza kama akuongezee droo, mwambie asante, hapana.